Ombi Limetumwa kwa Mzazi

Sauti ya mwanamume ndiyo iliyomtoa jikoni. Haikuwa ya mumewe, maana mumewe alikuwa safarini na lori tangu juzi, na redio ilikuwa imezimwa. Alikuwa anamenya vitunguu. Alisimama mlangoni na kisu mkononi, akasikiliza. Sauti yenyewe ilikuwa ya upole, ya mtu asiye na haraka, na ilitoka kwenye simu ambayo binti wa mumewe aliichezea kila siku akitoka shule.

"Leo baba yupo, au hayupo?"

"Amesafiri," mtoto alijibu, vidole vinakimbia juu ya kioo. "Anarudi Jumamosi."

"Na yule mwingine?"

"Yule yuko jikoni."

Yule alikuwa yeye. Alikuwa ameishi kwenye nyumba hiyo miaka miwili na nusu, akifua, akipika na kukagua kucha za mtoto asubuhi, na hajawahi kuitwa kwa jina lolote. Baba mtu alitaka aitwe mama. Mtoto, mwenye miaka kumi na mmoja na kichwa kigumu kama cha baba huyo huyo, alipata njia ya kuzungumza naye bila kumwita kitu. "Kuna chumvi?" "Sare yangu iko wapi?" Maneno yalielekezwa kwenye ukuta, na ukuta ulitakiwa ujibu.

Aliweka kisu mezani, akainyakua simu. Kwenye kioo kulikuwa na mji wa rangi rangi, nyumba, bustani, daraja lililojengwa nusu, na vikaragosi viwili vimesimama juu ya daraja hilo. Kimoja kilivaa kofia ya ubaharia na juu ya kichwa chake paliandikwa Kapteni. Kilinyamaza ghafla.

"Huyu ni nani?"

"Rafiki yangu. Nirudishie."

"Umeonana naye wapi?"

"Humo humo. Ana miaka kumi na mitatu. Ananisaidia kujenga daraja. Nirudishie, si simu yako."

Miaka kumi na mitatu, na sauti ya mtu anayenyoa ndevu kila asubuhi. Alimwambia mtoto hivyo. Mtoto alimtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo, macho makavu kabisa, akamwambia kwamba yeye si mama yake, hajamzaa, na hana ruhusa ya kushika vitu vyake. Aliyasema taratibu, kama mtu anayesoma tangazo. Mwanamke akaenda chumbani na simu, akafunga mlango kwa ufunguo. Nje, mtoto alianza kuupiga mlango teke, teke moja moja, kwa mpangilio.

Hakuwa mjinga wa mitambo. Kazini kwa dobi, walikofua na kupiga pasi mashuka ya hoteli sita, yeye ndiye aliyeachiwa pasi kubwa ya mvuke, ile yenye vitufe vingi ambayo wenzake waliiogopa. Alibonyeza huku na kule mpaka akafika kwenye mipangilio. *Nani anaweza kuzungumza na mtoto?* Chini yake palikuwa na majibu matatu: Kila mtu, Marafiki waliothibitishwa, Hakuna. Alama ilikuwa kwenye Kila mtu. Akagusa Hakuna.

Mchezo ukadai namba ya siri ya mzazi. Alijaribu mwaka aliozaliwa mumewe. Akajaribu mwaka aliozaliwa mtoto. Akajaribu namba za mwisho za lori. Kioo kikabadilika: *Ombi lako limetumwa kwa mzazi.*

Aliyasoma maneno hayo mara mbili, akampigia mumewe. Dereva alikuwa kwenye foleni ya mizani ya malori, na nyuma yake injini zilikuwa zinanguruma. Alisema yeye hajui hata huo mchezo unavyofunguliwa, mtoto ndiye aliyejifungulia. Aifute tu hiyo takataka, na asimsumbue akiwa kazini kwa mambo ya katuni. Alikata kabla hajaambiwa habari ya sauti.

Alikuwa bado ameshika simu yake sikioni wakati ile ya mtoto ilipolia mlio mfupi. *Ombi limekataliwa.*

Basi mahali fulani kulikuwa na mtu ambaye mchezo huu unamtambua kuwa mzazi. Mtu huyo alisoma ombi, akalikataa, na hakuchukua hata dakika tatu. Alifungua mlango. Mtoto aliacha mateke, akakisoma kioo kutoka pale alipokuwa, na uso wake ukafunguka kwa ushindi.

"Mama yangu amekataa," alisema. "Humo ndani mzazi ni yeye."

* * *

Usiku huo mtoto hakula, na simu ililala chini ya mto wa mama wa kambo. Asubuhi ilikwenda naye kazini. Wakati wa mapumziko alikaa juu ya furushi la mashuka, akafungua meseji.

Marafiki walikuwa sitini na wanne. Wengi walitumiana picha za kucheka na mioyo. Wawili tu ndio walioandika kila siku. Mmoja aliitwa Jirani, naye aliingia kila siku saa kumi na nusu. Umekula? Kikohozi kimeisha? Hesabu za sehemu umezielewa, au nikuelekeze tena? Hakuuliza kingine zaidi ya hayo, lakini mpiga pasi alimtilia shaka naye pia. Ni mtu mzima gani anayehangaika na kikohozi cha mtoto wa mwenzake?

Wa pili alikuwa Kapteni. Huyo aliuliza shule ina mageti mangapi. Aliuliza rangi ya begi. Jumatatu aliandika kwamba ana zawadi, lakini ni kubwa, haiwezi kutumwa. Jana yake usiku, baada ya simu kuchukuliwa, alikuwa ameandika hivi: *Ijumaa usipande basi la shule. Toka geti dogo. Mwambie yule una masomo ya ziada.*

Ilikuwa Jumatano.

Alimwomba msimamizi ruhusa ya kutoka. Msimamizi alimuuliza kama kuna msiba. Akasema hakuna. Msimamizi akasema basi ni saa zake mwenyewe anazokula, na akaandika.

* * *

Alijua mama wa mtoto anauza dawa kwenye duka lililo mkabala na hospitali. Alikuwa amempita mara nyingi akiwa ndani ya basi, akigeuza uso upande wa pili. Kwa jinsi alivyoambiwa na mumewe, mwanamke huyo alikuwa amemsahau mwanawe. Hata simu hapigi, mumewe alizoea kusema. Naye aliamini, kwa sababu kuamini hivyo kulimrahisishia maisha.

Dukani kulikuwa na watu saba. Muuza dawa alikuwa nyuma ya kioo, koti jeupe, miwani imesukumwa juu ya nywele. Alimwona mara moja tu, akamtambua, na akaendelea kuhesabu vidonge. Zamu ya mpiga pasi ilipofika, muuza dawa alisema kwa sauti ya kutosha duka zima, "Karibu, mke wa mume wangu. Tatizo ni nini, usingizi?"

Watu waligeuka. Mzee mmoja aliacha kutafuta cheti chake mfukoni ili asikilize vizuri.

"Nataka tuzungumze habari za mtoto."

"Amekutuma?"

"Hajui kama niko hapa."

"Basi umejituma. Hapa tunauza dawa, dada. Mazungumzo yako nyuma ya foleni."

Alirudi nyuma ya foleni. Watu watano walihudumiwa. Mmoja aliuliza maswali kumi juu ya dawa ya minyoo, na akajibiwa yote kwa utulivu wa makusudi. Zamu ilipofika tena, muuza dawa alimwambia kwamba kama amekuja kwa lile ombi la jana, jibu ni lile lile. Akataka kumpitia ili ahudumie aliyekuwa nyuma yake. Mpiga pasi alifungua meseji za Kapteni, akaipitisha simu kwenye kile kidirisha cha kupitishia fedha.

Muuza dawa alisoma akiwa amesimama. Kisha alishusha miwani, akasoma tena. Alimwita kijana wa stoo ashike kaunta, akafungua mlango wa pembeni, akaonyesha kwa kidevu.

Stoo ilikuwa finyu, yenye harufu ya maboksi na spiriti. Walisimama, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na hakuna aliyetaka kukikalia. Mpiga pasi alimweleza ile sauti ya mwanamume aliyoisikia.

"Na huyu Jirani ni nani?" mpiga pasi aliuliza. "Maana naye anaandika kila siku."

"Jirani ni mimi."

Alieleza kwa hasira, kama mtu anayelazimishwa kuvua nguo. Kwamba dereva alimfungia namba yake miezi minane iliyopita, kwenye simu yake mwenyewe na kwenye ya mtoto. Kwamba alikwenda kwenye geti la shule mara mbili, na mara ya pili mwalimu mkuu alimwonyesha barua ya baba ya kumkataza. Mchezo ndio mlango pekee uliobaki. Alimfungulia mtoto akaunti siku ya mwisho waliyokuwa pamoja, akajiandikisha mzazi, kisha akajifungulia yake ya pili kwa jina la bandia. Tangu hapo kila saa kumi na nusu anakaa hapa stoo, juu ya boksi la glavu, na kujenga bustani na mwanawe.

"Jana niliona ombi, mtu anataka kufunga mazungumzo yote. Nikajua ni nyinyi. Nikajua mmeugundua mlango, mnaupigilia misumari."

"Lakini kwa nini uliacha wazi kwa kila mtu?"

"Marafiki waliothibitishwa wanaonekana kwenye orodha kwa majina yao kamili. Baba yake akichungulia angeniona. Kwenye kila mtu, mimi ni mmoja tu kati ya wengi."

Wote wawili waliyasikia maneno hayo yalivyotoka. Pale alipopita mama, ndipo alipopita Kapteni. Muuza dawa aliyahisi yakimgeukia, na akageuka nayo upesi.

"Lakini wewe unaishi naye. Kama ungekuwa unamwangalia, angefikaje huko? Wiki nzima mwanamume anaongea sebuleni kwako."

"Mimi nilikuwa jikoni," mpiga pasi alisema. "Wewe ulikuwa humo humo pamoja naye. Umesimama kwenye daraja moja na yeye."

Kiti kilikaliwa. Muuza dawa alishika magoti yake mwenyewe na kutazama sakafu. Huko nje kengele ya kaunta ililia, ikalia tena, na hakuna aliyeijali.

Walifanya kazi bila kutazamana. Muuza dawa alitoa simu yake, akaandika namba ya siri, akahamisha alama kutoka Kila mtu kwenda Marafiki waliothibitishwa. Orodha ikaja. Walipiga picha maneno yote ya Kapteni, moja baada ya jingine, kisha wakaanza kufuta. Hawakumjua hata mmoja, kwa hiyo walifuta sitini na watatu na kumbakiza Jirani, sasa kwa jina lake kamili, wazi, mtu yeyote alione. Pale pa *Ongeza mzazi au mlezi*, kidole cha muuza dawa kilisimama hewani.

"Usidhani nimekupenda," alisema. "Nikikuona barabarani bado nitavuka. Lakini nahitaji mtu aliye ndani ya nyumba ile." Akabonyeza Mlezi, akampa simu. "Weka namba yako ya siri. Usinitajie. Wala yeye usimtajie."

Kituo cha polisi kilikuwa hatua mia mbili kutoka pale. Askari wa zamu aliwauliza ni nani mama wa mtoto, na muuza dawa akasema ni yeye, akaonyesha kwa mkono bila kugeuka: huyu ndiye aliyeisikia sauti, aandikwe yeye maelezo. Askari aliuliza tena kama wana hakika kwamba si mchezo tu wa watoto. Walimjibu kwa pamoja, na kwa ukali, mpaka akachukua kalamu.

* * *

Mtoto aliporudishiwa simu jioni hiyo, aliutazama mji wake mtupu, akapiga ukelele mmoja. Alimwambia mama wa kambo kwamba anamchukia. Alisema Kapteni ndiye pekee aliyekuwa anamuuliza siku yake ilikuwaje, na kwamba katika nyumba hii watu wanauliza tu kama umekunja nguo. Mwanamke alijua ni kweli. Alimwonyesha zile picha za meseji, akamwomba asome ile ya Ijumaa kama vile imeandikwa kwa mtoto mwingine. Mtoto alisema ilikuwa zawadi tu. Alisema hivyo mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Kisha Jirani aliingia, saa kumi na moja na robo, amechelewa kwa mara ya kwanza, akaandika: *Ni mimi niliyewafuta wote. Hawakufutwa na mwingine. Ni mimi.* Mtoto aliingia chumbani na simu na hakutoka mpaka asubuhi.

Ijumaa askari mmoja asiye na sare alikaa ng'ambo ya geti dogo tangu saa saba. Hakuna aliyekuja, au aliyekuja aliona, akapita. Mpiga pasi alikuwepo pia, siku ya pili ya kukatwa saa zake. Alimchukua mtoto kwa mkono kutoka geti kubwa, na mtoto aliutoa mkono wake, lakini alitembea karibu.

* * *

Dereva alirudi Jumamosi mchana, macho mekundu kwa barabara. Mkewe alimwacha aoge na kula, kisha akamweleza yote kwa mpangilio, sauti, geti, begi, zawadi, polisi. Alitegemea mumewe atashtuka kuhusu yule mtu. Kweli alishtuka. Alimwita mtoto, akamshika mabega, akamtazama kama anayekagua mzigo kama umevunjika. Lakini hadithi ilipofika duka la dawa, uso wake ulijifunga.

"Umekwenda kwa yule mwanamke."

"Yeye ndiye aliyekuwa na namba ya siri."

"Ukampa habari za nyumba yangu. Mkakaa stoo, mkanijadili." Alinyoosha mkono. "Lete hiyo simu. Sasa na wewe ni mzazi humo, sivyo? Andika namba yako, nimtoe."

Alikuwa uani, beseni la mashati ya mumewe liko mbele yake, mikono imejaa povu. Mtoto alikuwa mlangoni na simu kifuani. Angeweza kuandika tarakimu nne, na nyumba ingetulia. Alijua jinsi ingetulia, maana alikuwa ameishi ndani ya utulivu huo.

"Uliniambia hapigi simu," alisema.

"Hapigi."

"Hapigi kwa sababu umemfungia. Mtoto alikuwa anatafuta mtu wa kuzungumza naye mpaka akampata yule. Sikupi namba."

Dereva alimwambia aseme tena. Akasema tena, bila kupaza sauti. Dereva alimkumbusha kwamba nyumba ni yake, mtoto ni wake, na yeye pale amekuja juzi tu. Hayo yote yalikuwa kweli na hakuyapinga. Ndipo dereva alipoichukua simu mikononi mwa mtoto, si kwa nguvu, kama mtu anayepokea tikiti, akaizamisha ndani ya beseni, chini kabisa ya mashati. Akaushikilia mkono wake humo mpaka maji yakaacha kutoa mapovu.

"Basi kaa na namba zako," alisema.

Alijifuta mkono kwenye suruali, akabeba begi ambalo hajalifungua, akaenda kulala kwenye yadi ya malori. Jumapili hakurudi. Jumatatu wenzake walisema amepakia saruji na ameondoka, safari ya siku tisa.

* * *

Jumatatu hiyo mtoto alifanya hesabu zake mezani. Ilipokaribia saa kumi na nusu aliacha kuandika, akawa anachonga penseli ambayo tayari ilikuwa na ncha, akaichonga mpaka ikabaki kipande cha urefu wa kidole.

Mpiga pasi aliona. Alijua mumewe hajampigia tangu aondoke, na kwamba akipiga, atapiga sasa, saa ya mapumziko ya madereva, na itakuwa simu moja tu, ya kuamua kama bado ni mke wake. Siku tatu alikuwa ametembea na simu yake mfukoni hata chooni.

Aliitoa. Alitafuta namba ya muuza dawa, ile aliyoandikiwa kituoni kwenye karatasi ya maelezo, akapiga, akasubiri mpaka upande wa pili sauti ya ukali ikasema "Nani?" Aliilaza simu juu ya daftari la hesabu.

"Zungumza naye," alimwambia mtoto. "Usikate mpaka umalize."

Alitoka uani, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukabana, ili asisikie. Nguo zilikuwa zimekauka. Alianza kuzianua, shati baada ya shati, akizikunja polepole kuliko kawaida, na kama mumewe angepiga saa ile, angekuta simu inatumika.